Jumapili ya Mfanyakazi: Matembezi ya Familia Gitega na Muyinga Bila Kumaliza Mshahara



Mwenzetu mmoja wa kiwandani alitusimulia jambo ambalo kwanza lilituchekesha, kisha likatunyamazisha. Jumapili moja aliamka mapema, akaoga, akavaa shati safi na kukaa uani. Mtoto wake wa miaka 5 akamjia, akamtazama kwa muda, kisha akamwuliza, "Baba, leo hulali?"

Kwa mtoto yule, baba ni mtu anayeondoka kabla ya jua na kurudi baada ya jua, na siku ya mapumziko baba ni mtu aliyelala. Mtoto hakuwa analaumu. Alikuwa anasema anachokiona kila juma.

Tukijipima kwa haki, wengi wetu tumo katika swali hilo. Tukitoka kazini tumechoka, na mshahara tumekwisha kuugawa kabla haujafika mkononi: kodi ya nyumba, unga, maharage, mafuta, ada na madaftari, deni la dukani. Mtu akitaja matembezi ya familia, tunacheka na kusema hayo ni mambo ya wenye magari. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba si kweli. Tutataja mahali ambapo familia ya mfanyakazi inaweza kwenda, kwanza Gitega, kisha Muyinga, bure au kwa pesa kidogo, na namna ya kujipanga ili siku hiyo isigeuke kuwa deni jipya.

Mapumziko si zawadi

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Siku ya mapumziko haitokani na huruma ya mwajiri. Mkataba nambari 14 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1921, unasema kwamba mfanyakazi wa viwandani apate mapumziko ya saa 24 mfululizo, kwa uchache, katika kila siku 7. Unasema pia kwamba, pale inapowezekana, mapumziko hayo yatolewe kwa wafanyakazi wote kwa wakati mmoja, na yalingane na siku ambayo watu wa mahali hapo wamezoea kupumzika. Waliouandika walijua kwamba baba akipumzika Jumanne, mama akapumzika Alhamisi na watoto wakawa huru Jumapili, hapo familia haijapumzika.

Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, linataja haki ya kupumzika na ya kupata likizo yenye malipo. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Hivyo basi mfanyakazi anayempeleka mtoto wake kutembea anatumia haki ambayo wafanyakazi waliotutangulia waliipigania kwa miaka mingi. Haki isiyotumiwa husahauliwa, na haki iliyosahauliwa ni rahisi kunyang'anywa.

Lakini haki hailipi nauli, nasi hatutaki kusema maneno matupu. Mwaka 1988 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kuwa faranga 160 kwa siku kwa Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwa sehemu nyingine za nchi. Zaidi ya miaka 30 ikapita kima hicho kikiwa kile kile kwenye karatasi, huku bei za sokoni zikipanda. Kwa hiyo hatutawaambia ndugu zetu kwamba umaskini ni uvivu wa kupanga. Kazi ya kudai mshahara unaotosha inaendelea, na tutaiandika katika kurasa nyingine. Ila watoto wetu hawawezi kusubiri mpaka madai yaishe ndipo wawe watoto. Wanakua sasa.

Vitu vitatu vinavyokula pesa

Tumekaa na wenzetu kadhaa tukahesabu ni nini hasa hufanya matembezi yawe ghali. Tuliona kwamba kiingilio mara nyingi ni sehemu ndogo. Pesa nyingi huliwa na vitu vitatu.

La kwanza ni usafiri. Katika miaka ya karibuni nchi yetu imesumbuliwa sana na uhaba wa mafuta, na mafuta yakikosekana nauli huruka. Mwenye watu 6 nyumbani hulipa mara 6 kwenda na mara 6 kurudi. Dawa yake ni kuchagua mahali pa kwenda kwa miguu, au kwenda kwa gari na kurudi kwa miguu wakati jua limepoa. Wakubwa wakitembea, mdogo akabebwa mgongoni, tayari nusu ya nauli imebaki mfukoni.

La pili ni chakula cha kununua njiani. Mishikaki inanukia, soda inang'aa, na mtoto akililia mbele ya watu mzazi huona haya. Dawa yake ni kula nyumbani kabla ya kutoka, na kubeba mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, parachichi zikiwa msimu wake, na kidumu cha maji. Mtoto mwenye ndizi mkononi halilii sana mandazi.

La tatu ni chupa, na hapa wanaume tusikilizane. Matembezi mengi huanza kama matembezi ya familia na kuishia penye bia, mama na watoto wakikaa kando wakitazama saa. Hatusemi mtu asinywe. Tunasema kwamba siku ya watoto isiwe siku ya chupa. Bei ya bia anazokunywa mtu mmoja kwa jioni moja hutosha kulipa nauli ya watoto wake kwenda Gishora na kurudi.

Gitega: mji mkuu uliojaa vitu vya bure

Wengi wetu tunaishi Gitega kama watu wanaolala mlangoni. Tunajua njia ya kwenda kazini, njia ya sokoni na njia ya kanisani au msikitini, basi. Tukumbuke kwamba Wajerumani waliianzisha Gitega kama boma mwaka 1912, na kwamba Bunge liliufanya kuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi mwezi Januari 2019, Bujumbura ikabaki kuwa mji mkuu wa kiuchumi. Wageni huja kutoka mbali kuutazama mji huu. Sisi tulio ndani yake hatujautazama.

Pa kuanzia ni Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Si jumba kubwa, na hilo ni faida kwa mwenye watoto wadogo, maana huweza kuona vyote kabla hawajachoka. Humo zimo ngoma, mikuki, vyungu, vikapu, vyombo vya muziki na picha za enzi za wafalme. Kiingilio kipo, kwa hiyo aulizwe mtu wa mlangoni bei ya wananchi na bei ya watoto kabla ya siku yenyewe.

Tunashauri jambo moja hapa: msiende bila mzee. Mchukueni bibi au babu, au jirani mwenye umri. Mtoto akisimama mbele ya chungu nyuma ya kioo haoni kitu. Lakini bibi akisema, "Hiki tulikuwa tunatunzia nafaka, na siku kilipovunjika mama alinuna wiki nzima," mtoto huanza kuona. Tena kwetu sisi wafanyakazi makumbusho yale yana maana ya pekee. Vitu vilivyowekwa humo ni kazi za mikono: mtu alifinya, mtu alisuka, mtu alifua chuma. Majina yao hayakuandikwa. Mtoto wa mfanyakazi na ajue kwamba historia ya nchi haikufanywa na wafalme peke yao.

Baada ya makumbusho, tembeeni. Mtaa wa Mushasha, penye makao ya jimbo kuu la Kanisa Katoliki, una njia nzuri za kutembea, na asiye Mkatoliki hakatazwi kupita na kutazama. Jumapili kwaya huimba vizuri mno, na kusikiliza hakuna tikiti. Wanaopenda kandanda wana Uwanja wa Ingoma. Siku ya mchezo mkubwa kuna malipo. Lakini timu zikifanya mazoezi, au vijana wa mitaa wakishindana kwenye viwanja vya kawaida, mtazamaji halipi kitu, na mtoto hafurahii kidogo kwa sababu mchezo haukuwa na kombe.

Jumamosi nayo yafaa, ila tukumbuke kwamba asubuhi ni ya kazi za pamoja za mitaa na vijiji. Panga kutoka baada ya kazi hizo, si kabla, usije ukasimamishwa njiani na watoto.

Gishora, mahali pa ngoma

Kiasi cha kilomita 7 kaskazini mwa mji kuna kilima cha Gishora. Mapokeo yanasema Mwami Mwezi Gisabo alijenga hapo katika karne ya 19 baada ya kumshinda mtawala mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na Gishora ni moja ya mahali ambapo urithi huo umelindwa na familia za wapiga ngoma tangu wakati wa wafalme.

Kila Mrundi ameona ngoma kwenye sherehe, lakini si kila mtu amefundishwa kuitazama. Waelezeni watoto hivi kabla ya kufika. Ngoma moja hukaa katikati, inaitwa inkiranya, na hiyo ndiyo kiongozi. Nyingine hupangwa nusu duara. Zile ziitwazo amashakwe hushika mwendo usiobadilika, na zile ziitwazo ibishikizo hufuata ngoma ya katikati. Mtu akiacha mwendo wake, wote huharibikiwa. Sisi tuliozoea mashine na mistari ya kazi tunalielewa jambo hilo haraka.

Gishora kumetunzwa ngoma mbili za heshima, Ruciteme na Murimirwa. Majina hayo yanatokana na kazi: la kwanza na kufyeka msitu, la pili na kulima. Hata anayejua Kiswahili tu anaweza kusikia ndani ya neno Murimirwa maana ya "anayelimiwa". Na katika Kirundi neno ingoma lilikuwa na maana mbili, ngoma na utawala. Kwa hiyo utawala wote uliwekwa juu ya jina la jembe. Baba anayelima au anayechuma chai, mama anayechambua kahawa, na wamweleze mtoto jambo hilo wakiwa wamesimama pale pale. Halina bei.

Binti akiuliza kwa nini wapigaji ni wanaume tu, aambiwe ukweli: ndiyo mila iliyopokewa, na amri ya Rais ya mwezi Oktoba 2017 iliandika kwamba wanawake wasipige ngoma hizo. Asikemewe kwa kuuliza. Mtoto anayerudi nyumbani na maswali ametembea vizuri kuliko aliyerudi na soda.

Juu ya malipo tuseme wazi. Kuwaona wapiga ngoma wakicheza kwa ajili yenu hulipiwa, na amri ile ya 2017 iliweka ada ya faranga 500,000 kwa anayetaka kuwaita kwenye sherehe yake binafsi. Hizo si pesa za mfanyakazi. Lakini mkienda Gishora kwenyewe familia nyingi pamoja, mkapatana mapema na wenyeji, malipo hugawanywa. Familia moja haiwezi. Familia ishirini huenda zikaweza. Wasioweza kulipia mchezo wanaweza bado kupanda kilima, kuona mahali, kuzungumza na wazee na kula chakula chao kwa amani.

Mto unaotoka kwetu

Matembezi mengine ya bure ni ya mtoni. Karibu na Gitega unapita Ruvyironza. Chagueni mahali pa juu penye usalama, mketi mtazame maji, kisha mwulize mtoto, "Maji haya yanakwenda wapi?"

Jibu ni refu kuliko anavyodhani. Kule Rutovu, kusini, kuna chemchemi ya Kasumo, ambayo Mjerumani Burkhart Waldecker aliitaja kuwa chanzo cha Nile cha kusini kabisa, na piramidi ndogo ikajengwa hapo mwaka 1938. Maji yake hufika Ruvyironza. Ruvyironza huingia Ruvubu. Ruvubu huzunguka mpaka upande wa Muyinga, huenda kuungana na maji yatokayo Rwanda na kuwa Kagera, na Kagera humwagika katika Ziwa Victoria. Toka huko Nile husafiri mpaka Misri na bahari. Mwambieni mtoto achukue jani alitupe majini. Darasa la jiografia limekwisha, na hakuna aliyelipa.

Tahadhari ni lazima. Watoto wasiachwe kuogelea, na kandokando ya Ruvubu wasikaribie maji hata kidogo, kwa sababu kuna viboko na mamba.

Muyinga: mji wa mpakani

Tukifuata maji hayo tunafika Muyinga, kaskazini-mashariki, karibu na Tanzania kwa njia ya Kobero. Tangu mwaka 2025, mikoa 18 ilipopunguzwa kuwa 5, Muyinga imo katika mkoa wa Buhumuza. Mji ni mdogo kuliko Gitega, na mfanyakazi wa huko hutuambia, "Kwetu hakuna kitu." Tulikwenda kutazama, tukaona kwamba vitu vipo.

Kimoja kinapaswa kujulikana na kila mfanyakazi wa ujenzi na wa matofali. Mwaka 2012 ilijengwa Muyinga maktaba, iliyochorwa na wasanifu kutoka Ubelgiji na kujengwa pamoja na wenyeji. Ilikusudiwa kuwa sehemu ya shule ya watoto viziwi wakisoma pamoja na wenzao wanaosikia. Kuta zake ni matofali ya udongo wa hapo hapo, yaliyokandamizwa kwa mashine za mkono na kukaushwa, bila kuni za kuchoma. Paa limebebwa na miti ya mikaratusi na kufunikwa kwa vigae. Ndani umetandazwa juu wavu mkubwa wa kamba za katani, uliofumwa kwa mikono, ili watoto walale humo wakisoma. Picha za jengo hilo zimechapishwa katika majarida ya ujenzi ya nchi za mbali.

Mpite siku ya kazi mwulize saa ambazo watoto hupokelewa. Na hata siku ambayo mlango haukufunguliwa, kuziona kuta zile kunatosha kumwambia mtoto kwamba udongo anaoukanyaga, ukipata akili na mikono, hujenga jumba la kusifiwa. Tunawajua watoto wa waashi wanaoona haya kutaja kazi ya baba shuleni. Dawa ya haya hiyo ipo pale.

La pili ni siku za Idi. Muyinga ina Waislamu wengi, na Kiswahili husikika sana mitaani mwake. Idi zote mbili ni siku za mapumziko katika nchi yetu. Baada ya swala watoto hutoka na nguo zao mpya, majirani hutembeleana, na mgeni hupewa kitu. Familia ya Kikristo inayokwenda kumpa mkono jirani siku ya Idi, na ya Kiislamu inayofanya vivyo hivyo siku ya Noeli, imetembea, imekula, na imejenga ujirani ambao hauna bei katika nchi iliyoona machungu tuliyoyaona.

La tatu ni Uwanja wa Umuco na viwanja vidogo vya vijana, kama tulivyosema juu ya Gitega. La nne ni vilima. Mji uko juu, hewa ni safi, na mtu akipanda na watoto wake jioni huona nchi imelala mkunjo juu ya mkunjo. Waonyesheni kijiji cha babu kiko upande gani. Wapo watoto wa mjini wasiojua.

Hifadhi ya Ruvubu: safari ya mara moja kwa mwaka

Wakazi wa Muyinga wana jirani ambaye Gitega haina: Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980 na yenye kilomita za mraba zipatazo 500. Humo wamo nyati, viboko, mamba, nyani, ngiri, swala wa aina kadhaa na ndege wengi. Inasimamiwa na ofisi ya serikali ya kulinda mazingira, OBPE. Wazee wa pembeni mwake watawaambia pia kwamba watu walihamishwa ili wanyama wapate nafasi. Watoto na walisikie hilo nalo.

Hatutawadanganya kwamba ni safari ya Jumapili yoyote. Inahitaji gari, ruhusa, malipo na mtu wa kuongoza. Hapa ndipo umoja wetu unapoingia, na tuhesabu pamoja. Familia 20, kila moja ikiweka faranga 1,000 kwa juma, kwa majuma 12, zitakuwa na faranga 240,000. Mkikaa na mwenye gari mkiwa na pesa hizo mezani, na pesa zimeandikwa katika daftari ambalo kila mtu analiona, mnazungumza kama wateja, hamwombi msaada. Zikipungua, mnaongeza majuma. Zikizidi, mnaanza safari ya pili. Mweka hazina awe mtu asiyekopesha rafiki zake.

Makosa yetu wenyewe

Tukubali kwamba nasi tulijifunza kwa kukosea. Jumapili moja tulikwenda watu 14, wakubwa na watoto, mpaka mahali fulani ambapo hatutapataja. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Tulikuta mlango umefungwa, mvua ikatukuta, na tukarudi tumenunua mandazi ya pesa nyingi kuliko nauli. Mke wa mwenzetu mmoja hakusema kitu njia nzima. Alipofika nyumbani alisema, "Bwana wee, safari ijayo mtume mtu kwanza."

Tangu siku hiyo tunatuma mtu siku mbili kabla, naye huuliza maswali manne: Mnafungua saa ngapi? Mwananchi analipa kiasi gani, na mtoto je? Choo na maji vipo? Mvua ikinyesha tunajikinga wapi? Hayo manne yametuokolea pesa nyingi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na tulichelewa kuliona. Tuliita siku hiyo mapumziko, lakini mama wa nyumba aliamka saa kumi usiku kuchemsha mihogo, akawavika watoto, akambeba mdogo mgongoni na kikapu kichwani, akagawa chakula, akarudi kuosha vyombo. Alichoka kuliko siku ya kazi. Na wake zetu wengi nao ni wafanyakazi: wanachambua kahawa, wanachuma chai, wanauza sokoni. Hivyo tulikubaliana kwamba siku ya matembezi baba na vijana wa kiume wabebe mizigo na kuosha vyombo. Wengine walicheka. Sasa wanaosha.

Pendekezo letu

Ndugu zetu wa mashamba ya chai ya Teza na Rwegura watasema kwamba yote haya ni ya watu wa mjini. Tunawajibu kwamba mgeni anayepokewa halipi malazi. Tunapendekeza wafanyakazi wa Gitega, wa Muyinga na wa mashambani waanze kupokeana. Familia ya Muyinga ije Gitega mwisho wa juma mmoja, ilale kwa familia ya mfanyakazi mwenzao, ionyeshwe makumbusho na Gishora. Mwezi mwingine ya Gitega iende Muyinga. Kila mmoja alipe nauli yake tu na kubeba kitu cha kuingia nacho nyumbani kwa mwenyeji, kama desturi yetu ilivyo. Watoto wa mjini nao waende shambani wakaone majani ya chai yanavyochumwa, wajue kikombe cha asubuhi kimetoka mikononi mwa nani.

Siku zipo. Zipo Jumapili, zipo Idi na Noeli, ipo Mei Mosi, na ipo Julai 1, siku ya uhuru tulioupata mwaka 1962. Mei Mosi tukishamaliza maandamano, tusiziache familia nyumbani na sisi kwenda tunakokujua. Twende nazo.

Ama yule mwenzetu aliyeulizwa "Baba, leo hulali?", tulimwuliza alijibu nini. Alisema hakupata jibu. Alimshika mtoto mkono, wakaenda kwa miguu mpaka kiwanja cha vijana, wakatazama mpira, wakala ndizi mbili, wakarudi. Hakutumia hata faranga moja. Jumapili iliyofuata alitaka kulala, kwa maana juma lilikuwa zito. Mtoto alikuwa amekwisha kuvaa viatu, amekaa mlangoni.